Chupa tatu, masika moja: shajara ya mradi

Februari 27

Jana mvua imetuharibia tofali 340. Zilitoka kwenye mashine saa nne asubuhi, zikapangwa uwanjani zingoje kushika. Saa saba kasoro wingu likaibuka upande wa Pugu, na vijana walipokuwa bado wanavutana na turubai likamwaga. Robo saa tu, kisha jua likatoka kama halijui lolote. Niliinama kuitazama tofali ya mstari wa mbele: uso umetobokatoboka kama mtu ameugongagonga kwa ncha ya kidole, kingo zimeporomoka, maji ya saruji yametiririka chini na kuacha mchanga mtupu. Nikaigusa kona, ikabaki mkononi.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Si wewe uliyeniambia simu imeandika jua?"

Ndiyo, ni mimi. Programu iliyokuja na simu ilionyesha kijua cha njano kutwa nzima. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo nimeisoma leo baada ya hasara, ilisema mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Mjomba anasema hiyo ni lugha ya mganga, haikosei kwa sababu imetaja kila kitu. Mimi nadhani imesema jambo, ila sisi hatujui kuisoma. Masika ndiyo hiyo inaingia. Nimeamua mpaka mwisho wa Mei nitapima mvua sehemu tatu za jiji la Dar, niandike utabiri ulisema nini na kilichoanguka ni nini. Daftari la tofali lina kurasa za nyuma ambazo hazina kazi.

Machi 1

Kipimo cha mvua ni kitu chepesi kuliko nilivyodhani. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima, kiwe kipana kama pipa au chembamba kama glasi, kitajaa kina kilekile. Nimechukua chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zile zisizo na mikunjo kiunoni, nikakata shingo, nikaigeuza na kuichomeka juu iwe faneli. Kinachosumbua ni kitako, maana kimejaa vibonyeo. Lakini sisi saruji haitupigi chenga: nilimimina uji wa saruji mpaka vibonyeo vyote vikafunikwa, ukakauka ukawa sakafu tambarare, na sifuri ya rula ikaanzia hapo. Uzito huo pia unaisimamisha chupa kwenye upepo. Ndani nimetia matone mawili ya mafuta ya kula. Yanaelea juu ya maji na kuyazuia yasikauke kabla hayajasomwa.

Machi 2

Moja imebaki hapa Kinyerezi, katikati ya uwanja, mbali na ukuta. Ya pili iko kwa dada, Magomeni. Ya tatu nimeivusha kwa pantoni mpaka Kigamboni kwa baba wa rafiki yangu, mzee aliyevua samaki tangu ujana.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, baba. Hiyo chupa ya nini?"

Nikamweleza. Akaigeuzageuza, akauliza mvua ikishaanguka kuna haja gani tena ya kuihesabu. Hata hivyo amekubali, kwa sharti kwamba kila nikija nije na kilo ya sukari.

Kusoma ni saa tatu kamili asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua. Maji yanayokutwa hapo ni ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo huandikwa kwa jina la jana. Dada anasema saa tatu yeye yuko sokoni, atasoma saa moja kabla hajatoka. Mradi umepata kasoro yake ya kwanza na bado halijaanguka hata tone.

Machi 7

Sifuri, sifuri, sifuri. Joto kama la jikoni.

Machi 10

Kinyerezi 6, Kigamboni 11, Magomeni 143.

Mia moja arobaini na tatu! Kwa vigezo vya Mamlaka, ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24 tayari ni mvua kubwa, na kwa 143 nusu ya Magomeni ingekuwa juu ya mapaa. Nikampigia dada, akanihakikishia amesoma vizuri. Nikapanda gari. Chupa ilikuwa chini ya ukingo wa bati, ameificha hapo isiibiwe na watoto. Ilikuwa inapokea mvua ya paa zima la chumba na sebule. Namba nimeikata kwa kalamu nyekundu, chupa imehamia juu ya tenki la maji.

Machi 13

Kunguru amechomoa faneli ya Kinyerezi akanywa mvua ya jana. Nimemkuta bado ana kipande cha plastiki mdomoni. Hakuna data. Nimezungushia waya wa kuku.

Machi 16

Leo hakuna kazi, saruji haijaletwa, tumekaa chini ya mwembe. Mjomba akaniuliza swali zuri: kama mvua inaletwa na joto, mbona masika inakuja Machi, si Januari?

Jua hupita utosini mwa Dar mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Januari liko kusini mwetu, na ukanda mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na kusukumana kwenda juu, uko nalo hukohuko. Ndiyo maana Ruvuma na Mbeya wakati huo wanalima kwenye tope huku sisi tunajipepea. Jua likigeuka kwenda kaskazini, ukanda unalifuata kwa kuchelewachelewa, unapita juu yetu, tunapata masika. Kuanzia Oktoba unarudi kusini, tunapata vuli. Mzee wa Kigamboni haya yote anayamaliza kwa pumzi moja: kaskazi imekufa, kusi haijazaliwa.

Jambo la msingi ni hewa kupanda. Ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa, na ikipoa mvuke wake hauna budi kurudi kuwa maji. Ila mvuke hauanzi kuwa tone hivihivi hewani, unataka kitu cha kushikia. Vumbi linafaa, moshi pia. Kwetu watu wa pwani kuna na chumvi: mawimbi yakipasuka hurusha vitone, maji yanakauka, punje ya chumvi inabaki inaelea. Mjomba akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Kwa hiyo mvua ya Dar ina chumvi?" Kidogo mno kuionja, Mjomba.

Machi 23

Hiki ndicho nilichokuwa natafuta tangu siku ile ya hasara: kwa nini mvua moja inatoboa tofali na nyingine haiachi hata alama? Chupa haijibu. Milimita 10 ni milimita 10, ziwe zimeanguka polepole usiku kucha au zimemwagwa kwa dakika kumi na tano. Inabidi kulipima tone lenyewe.

Kuna mkulima wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, anayefahamika zaidi kwa picha zake za chembe za theluji. Alipima matone ya mvua kwa unga wa ngano na kuchapisha matokeo yake mwaka 1904. Namna yake haihitaji hata senti moja ya kifaa, inahitaji unga tu. Unachekecha unga mkavu kwenye sinia, kina cha kama vidole viwili. Unafunika kwa kifuniko cha sufuria, unatoka nao mvuani, unafunua kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, unafunika, unarudi ndani mbio. Kila tone lililozama limejifinyangia kidonge cha kinyunga. Unaacha vikauke, unachekecha kwa kichujio cha chai, unga unapita, vidonge vinabaki. Ukubwa wa kidonge unakaribiana na ukubwa wa tone lililokizaa.

Mke wangu ameniruhusu kwa masharti: unga niununue mimi, na sinia nisitumie ile ya wageni.

Mvua ya leo ilianza saa kumi na moja alfajiri ikitokea baharini, haina radi, haina upepo, ile ya kumfanya mtu avute shuka. Nilitoka na sinia nimejifunga kanga kichwani. Vidonge vilipokauka nilivimwaga kwenye gazeti na kuviweka sambamba na nafaka za jikoni. Karibu vyote ni saizi ya ulezi, milimita moja na ushee. Vichache vimefika uwele. Kilichofika mtama hakuna.

Sababu ni ufupi wa wingu. Wingu la alfajiri kutoka baharini huwa halipandi sana. Chukua joto la nyuzi 30 chini hapa, punguza kama nyuzi 6 kwa kila kilomita unayopanda: utafika nyuzi sifuri kwenye kilomita 5 hivi. Wingu lililoishia chini ya hapo ni maji matupu, halina hata chembe ya barafu, na mvua yake inatengenezwa kwa kugongana tu. Kitone cha wingu kina upana wa kama milimita 0.02. Tone la mvua la milimita 2 ni pana mara 100 kuliko hicho, maana yake limemeza vitone milioni moja. Vikiwa vyote sawa havigongani, vinaelea pamoja kama daladala zilizokwama kwenye foleni moja. Lazima kimoja kiwe kizito, kianze kushuka na kuvizoa vya chini yake. Hapo ndipo punje nene ya chumvi inapofanya kazi, kwa kukipa kimoja mwanzo mzuri. Ila safari ndani ya wingu fupi ni fupi, tone linatoka kabla halijanenepa. Yakiwa chini ya nusu milimita tunayaita manyunyu.

Tofali za jana jioni zilizolala nje: nzima kabisa. Tena zimenyweshwa bure, maana tofali iliyokwisha kushika inataka maji.

Machi 29

Kinyerezi 24, Magomeni 3, Kigamboni 0.

Saa tisa mchana, wingu jeusi limepanda mpaka kichwa chake kimetandaa kama jani la mwavuli, radi juu yake. Nilitoka na sinia ya unga na ndoo kichwani. Sikuweza kuhesabu hata mpaka tatu. Tone la kwanza lilipiga ukingo wa sinia likalia kama punje ya bisi.

Vidonge: mtama kwa wingi, na kama kumi na mbili vya saizi ya choroko. Mjomba alivipekua kwa kijiti akitafuta kimoja kikubwa kama kunde. Hajakipata na hatakipata. Tone likikaribia milimita 6 hewa inayolisukuma kutoka chini inalibonyeza mpaka linapasuka. Na umbo lake si lile la chozi tunalochora shuleni. Tone dogo ni duara, kubwa ni kama andazi, juu limevimba, chini bapa.

Huyu ni mnyama mwingine kabisa. Wingu la radi linavuka ule mpaka wa kilomita 5 na kuendelea, kumi na mbili, hata kumi na tano. Humo juu kuna jambo ambalo sikuliamini, nikalisoma mara mbili: maji hayagandi mara yakifika sifuri. Vitone vidogo vinaweza kubaki maji mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, vikingoja kitu cha kuvigandisha. Chembe ya barafu ikitokea katikati yao, mvuke unaikimbilia yenyewe kuliko vile vitone, kwa kuwa barafu hushika mvuke kwa nguvu zaidi. Vitone vinakauka, barafu inanenepa juu ya mgongo wao. Inaanza kuanguka, inavigandisha vingine njiani, inavuka mpaka wa sifuri, inayeyuka. Kinachogonga bati la Kinyerezi ni barafu iliyoyeyuka dakika chache zilizopita.

Na radi yenyewe inatokana na humohumo, barafu kubwa na ndogo zikisuguana na kuachiana umeme. Ukisikia ngurumo ukiwa umekaa Kariakoo unatoka jasho, juu yako kuna barafu.

Sasa hesabu ya tofali. Tone la ulezi la milimita 1 na tone la choroko la milimita 5: upana mara 5, uzito mara 125. Tena la kwanza linashuka kwa mita kama 4 kwa sekunde, la pili 9. Sihitaji mtaalamu kuniambia lipi lilitoboa zile 340.

Aprili 4

Mjomba ni mtu wa Njombe, na habari ya barafu imemfungua mdomo. Jioni nzima ametusimulia mvua ya mawe: mahindi yalivyobaki mabua, kuku walivyokufa, na jinsi mama yake alivyowasukuma watoto chini ya kitanda huku bati likipigwa mpaka hawasikilizani. Pia sakitu, ule weupe wa alfajiri kwenye majani. Huo haukuanguka kutoka popote, ni mvuke ulioganda palepale kwenye jani lililopoa usiku.

"Sasa kama barafu iko juu yenu hapa," akasema, "mbona haiwafikii?"

Jibu ni njia. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko chini bondeni. Jiwe la mvua la kule linapita kama kilomita 3 tu za hewa yenye joto, letu linapita 5, tena hewa yenyewe ya Dar. Likiwa dogo linafika likiwa tone. Ili lifike likiwa jiwe inabidi lianze kubwa, na ili liwe kubwa inabidi upepo unaopanda ndani ya wingu ulishikilie juu muda mrefu likizidi kuvishwa matabaka. Mwinuko peke yake hautoshi kueleza kila kitu, maana Mwakata kule Kahama si milimani, na Machi 2015 mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 pale. Mjomba alikuwa anaikumbuka habari hiyo. Tukanyamaza kidogo.

Theluji ndiyo haina mjadala, mpaka upande Kilimanjaro. Njia ni ileile ya chembe za barafu, ila huko mlimani, chini ya wingu hakuna joto la kuziyeyusha.

Aprili 10

Kinyerezi 71, Kigamboni 64, Magomeni 58. Tahadhari ilikuwa imetolewa tangu juzi na safari hii hata programu ya simu iliona. Ni ile mvua ya tandiko, wingu limefunika kutoka baharini mpaka Kisarawe, halina haraka, limenyesha kuanzia saa nane usiku mpaka saa nne asubuhi.

Hatukufyatua hata tofali moja. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Nilimpigia dada saa tano, mvua kwao ilikuwa imekatika, jua linachungulia, na maji ya mto ndiyo kwanza yanapanda. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kupita huku kwetu kabla haujafika kwao, kwa hiyo mvua yangu ya saa mbili ndiyo iliyokuwa inampita yeye. Hilo chupa yake isingemwambia. Nimemwomba tukubaliane: Kinyerezi ikifika 50, mimi napiga simu, yeye anapandisha magodoro. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na wengine wakahamishiwa Mabwepande kutoka bondeni, alikuwa bado mgeni mjini. Hataki kukumbushwa.

Aprili 19

Sinia imepigwa marufuku rasmi. Unga umeingia mende.

Nimekaa na daftari kulinganisha. Siku ambazo taarifa ya Mamlaka ilisema mvua katika maeneo machache, mara nyingi angalau chupa moja ilikuwa na maji. Siku ambazo zote tatu zilikuwa na maji kwa tangazo la namna hiyo, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Nikamwonyesha Mjomba Machi 29: sisi 24, Kigamboni sifuri. Mzee wa Kigamboni angesema wamekosea. Sisi tungesema wamepatia. Na taarifa ni ileile moja. Maeneo machache ni maeneo machache kweli. Wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache, na kutoka Kinyerezi hadi Kigamboni mawingu kadhaa yanaweza kupita bila kusalimiana.

Kijua cha njano kwenye simu nacho nimekielewa, ingawa sijakisamehe. Modeli za kompyuta zinazotabiri dunia nzima huikata anga vyumba vyumba, vya upana wa kilomita 9, 13, vingine 25, na kila chumba kinapewa hali moja. Wingu la kilomita 3 linapotea humo kama sarafu kwenye begi. Halafu programu inachukua chumba kizima inakibandika picha moja ndogo. Binadamu wa Mamlaka anayetazama rada ya Dar na kuandika "maeneo machache" amekupa habari zaidi kuliko picha hiyo, ila kwa kuwa haina rangi hatuisomi.

Nikataka kutoa maksi. Hapo nikajikwaa. Nilihesabu programu ya simu imepatia siku ngapi kwa jumla, ikatoka na alama nzuri ajabu. Kisha nikakumbuka siku za mwanzo wa Machi, sifuri sifuri sifuri. Mtoto wa darasa la pili anayesema "leo hainyeshi" kila siku angepata alama nzuri pia. Kosa hili ni kongwe. Mwaka 1884 John Finley wa jeshi la Marekani alitabiri mara 2,803 kama kimbunga cha nchi kavu kitatokea au la, na ikahesabiwa kwamba amepatia asilimia 96.6. Akatokea mtu akaonyesha kwamba kama angesema "hakuna" mara zote hizo, angepata asilimia 98.2. Nimefuta hesabu ya jumla. Nimebakiza safu mbili: ilinyesha bila kutajwa, na ilitajwa haikunyesha kwetu.

Aprili 26

Nikampelekea Mjomba hizo safu mbili. Akazitazama, akaweka miwani mezani.

"Kufunika ni shilingi ngapi?"

Vijana wawili, kutandaza na kutandua turubai, na mashine imesimama: tunakadiria elfu kumi na tano. Mkupuo mmoja ukiharibika, saruji, mchanga na vibarua, ni zaidi ya laki tatu.

"Basi ndivyo hivyo," akasema. "Nifunike bure mara ishirini, bado sijala hasara ya mara moja."

Miezi miwili nahangaika na chupa, unga na kunguru nijue kama itanyesha, yeye kwa dakika moja amelibadilisha swali. Kwa bei hizo, uwezekano wa moja kati ya ishirini unatosha kumfanya afunike. Neno "maeneo machache" lina uwezekano mkubwa kuliko huo kwa mbali. Kwa hiyo likitajwa pamoja na ngurumo, turubai linakaa kando ya mstari tangu asubuhi, limekunjuliwa nusu. Likitajwa bila ngurumo, mvua nyepesi tu, tunaangalia wingu. Ulezi hautoboi.

Jambo la pili limetoka kwenye daftari. Mvua zetu zote zenye mtama na choroko zimetukuta kati ya saa saba na saa kumi na moja jioni, zikitokea upande wa Pugu na Kisarawe, baada ya jua kuichemsha nchi kavu na upepo wa bahari kuingia kuisukuma hewa juu. Za alfajiri ni za baharini. Mashine sasa inawashwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya saa tatu. Vijana wamenung'unika, wameahidiwa chai na chapati.

Mei 5

Tumeliwahi!

Saa nane na nusu, radi mbali. Nikahesabu sekunde kutoka mwanga hadi mlio, 24, yaani kilomita 8, kwa kuwa sauti huchukua sekunde tatu kwa kila kilomita. Ya pili 18. Ya tatu sikuihesabu, kwa sababu upepo ulibadilika: ulikuwa wa joto ukitoka baharini, ghafla ukaja wa baridi kutoka Pugu, una harufu ya udongo uliolowa. Ile ni pumzi ya wingu lenyewe. Mvua inayoshuka inaipoza hewa, hewa baridi ni nzito, inaanguka pamoja nayo na kutambaa mbele ya mvua. Nikapiga filimbi. Kutoka pumzi hiyo mpaka tone la kwanza ilipita dakika sita. Turubai linataka nne.

Milimita 19. Tofali 410, hakuna hata moja iliyoguswa. Mjomba alisimama chini ya bati mikono nyuma, akasema tu kwamba turubai lina tundu upande wa kushoto.

Jioni kuna ujumbe wa sauti umezagaa kuwa kimbunga kinakuja Dar usiku. Mpwa wangu amenitumia mara tatu. Kimbunga Jobo Aprili 2021 kilikufa nguvu kikiwa kinakuja, Hidaya Mei 2024 kilifika pwani kimeshadhoofika lakini kikaacha mvua na uharibifu, kwa hiyo si mambo ya kucheka. Lakini kutangaza kimbunga ni kazi ya Mamlaka, na Mamlaka haijasema kitu. Mimi napima tu. Nimemwambia alale.

Mei 22

Kusi imeshika. Asubuhi kuna ubaridi, nguo zinakauka kwa saa mbili. Wiki nzima Kigamboni peke yake ndiyo yenye kitu, 2 na 4.

Mei 31

Jumla tangu Machi 3: Kigamboni 548, Kinyerezi 517, Magomeni 461. Ya Magomeni ina upungufu wa ile siku niliyoikata, na siku mbili dada alizosafiri. Ya Kinyerezi ina deni la kunguru. Sitathubutu kusema masika hii ilikuwa ya wastani au la: Mamlaka inaita wastani kile kilicho kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi, na mimi nina mwaka mmoja na chupa tatu.

Tofali zilizoharibika tangu Aprili 26: tisa, nazo ni zile za chini ya tundu la turubai.

Magomeni nimeichukua chupa, dada ametaka abaki na rula. Kigamboni nimekwenda na kilo ya sukari nikamkuta Mzee ameketi barazani, chupa iko mbele yake, faneli imefungwa upya kwa uzi wa nyavu. Nikamwambia mradi umekwisha, nimeifuata.

"Umekwisha vipi?" akasema. "Na mvua za mchoo je?"

Nimeiacha.